Jeki za pembeni hazizuii trela kubingirika

Wengi wakishaegesha trela la kulala na kuteremsha jeki za pembeni, huona kazi imekwisha. Kabari za tairi, wanasema, ni za mlimani tu. Sivyo. Jeki zile kazi yake ni kupunguza mtikisiko watu wanapotembea ndani. Miguu yake ni myembamba, na trela likianza kujongea hupinda au huburuzika nalo.

Na breki? Matrela mengi ya aina hii ya Kimarekani hayana handibreki. Breki zake za umeme huamrishwa na gari linalovuta. Ukichomoa waya, zimelala. Ile swichi ya dharura, inayokaza breki trela likichomoka njiani, hula betri hadi ikaisha. Si ya kuegeshea.

Kwa hiyo kabari huwekwa kabla ya kulitenganisha trela na gari, maana hapo ndipo linapokimbia. Zisukume mpaka ziume tairi, mbele na nyuma, pande zote mbili. Ukiacha pengo, tairi hupata mwendo wa kuipanda kabari. Kipande cha ubao kilichookotwa, kwa maoni yangu, ni kujidanganya. Ukiondoka, kabari zitoke mwisho, trela likishafungwa barabara kwenye gari.