"Mtu wa tatu" ni nani, gari lako likigongwa limepaki?

Ukimuuliza mwenye gari yeyote pale Ngamiani, hapa Tanga, atakwambia ana bima ndogo, yaani ile ya mtu wa tatu. Siku akigongwa atakimbilia kampuni iliyomkatia bima hiyo, na atarudi mikono mitupu. Hajadhulumiwa na mtu. Amebisha hodi nyumba ambayo deni lake haliko.

Hesabu ya watu hao iko hivi. Wa kwanza ni aliyenunua bima. Wa pili ni kampuni iliyomuuzia. Wa tatu ni yeyote aliye nje ya mkataba wao, ambaye gari la yule wa kwanza limemtia hasara. Bima ndogo uliyolipia wewe inawalinda wenzako utakaowagonga, haigusi gari lako. Ukigongwa wewe, basi mtu wa tatu ni wewe, na bampa lako linadaiwa kwenye bima ya aliyekugonga.

Mimi nilielewa haya nje ya soko la Mgandini, na nilielewa kwa kuchelewa. Nilikuwa nimepaki, nimeingia kununua nazi na samaki. Natoka, nakuta Noah imerudi rivasi ikaingia kwenye pembe ya nyuma ya gari langu. Taa imepasuka, rangi imechubuka. Dereva alikuwa mtu mzima, umri wa baba yangu. Nilimwamkia kwanza. Akasema, "Marahaba mwanangu, samahani sana, tusifikishane mbali, shika hii ukatafute fundi." Alinipa shilingi 20,000 na namba ya simu. Niliona haya kumbana mzee mbele za watu, nikaondoka.

Kule gereji fundi alipolivua bampa alikuta vishikizo vyake vimekatika na bati la ndani limebonyea. Makadirio yakafika 280,000 pamoja na rangi. Nilipiga simu ya mzee siku mbili, haikupokelewa.

Kosa langu halikuwa upole, kwa maana upole ndio uungwana wetu na sitauacha. Nilikosea kuondoka bila kitu chochote cha kushika. Kabla magari hayajasogezwa ilitakiwa nipige picha: namba zote mbili, magari yalivyokaa, uharibifu kwa karibu na kwa mbali. Nichukue jina la dereva na la mwenye gari, maana mara nyingi ni watu wawili tofauti. Niangalie kama Noah ile ina bima hai. Siku hizi hilo halihitaji kuombana karatasi: kwenye mfumo wa intaneti wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, unaingiza namba ya gari na unaona imekatiwa bima na kampuni gani na inaisha lini. Halafu niite trafiki. Wengi husema eneo la kupaki si barabara kuu, polisi wa nini? Polisi ni kwa sababu kampuni ya bima itakudai karatasi zao: ripoti ya ajali, ambayo ni fomu PF 90, na ya ukaguzi wa gari, PF 93. Bila hizo dai lako ni maneno matupu.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza gari kutembea bila bima ya mtu wa tatu. Shabaha yake ya asili ni watu wanaoumia na wanaokufa, lakini mikataba inayouzwa hapa nchini hubeba pia mali iliyoharibiwa, hadi kiwango kilichoandikwa ndani yake. Kwa pembe ya gari iliyobonyea kiwango hicho hakitakusumbua. Kinachosumbua ni jambo jingine: aliyekugonga lazima naye aitaarifu kampuni yake. Akikaa kimya, dai lako hukwama mezani. Na usishangae akikataa kukuandikia "nimekosa mimi, nitalipa". Mikataba mingi ya bima inamkataza kukiri au kuahidi malipo kabla kampuni haijaridhia.

Fidia yenyewe maana yake ni kurudishwa ulipokuwa dakika moja kabla ya kugongwa, si mbele ya hapo. Mchubuko wa zamani wa upande wa pili hauingii. Yanayoingia ni spea, ufundi, rangi, na gharama ya kulivuta gari kama haliwezi kutembea. Tunza risiti zote, hata za bajaji ulizopanda wakati gari liko gereji. Kampuni nyingi hubishia hizo, ila bila risiti huna hata pa kuanzia. Na usianze matengenezo kabla mkadiriaji wa kampuni hajaliona gari.

Mwenye bima kubwa, ile inayolinda hata gari lake mwenyewe, ana njia fupi. Kampuni yake inamtengenezea, yeye akichangia kile kiasi kilichotajwa kwenye mkataba, kisha kampuni inachukua nafasi yake na kumdai aliyegonga. Ndiyo maana hupaswi kumwambia mtu "nimekusamehe" halafu ukapeleka dai: umeshaifungia kampuni yako njia.

Kampuni ikikataa bila sababu ya kueleweka, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyotokana na Sheria ya Bima ya 2009.

Kumalizana wenyewe kunabaki kuwa njia nzuri kwa hasara ndogo, mradi iandikwe: tarehe, mahali, kiasi, siku za kulipa, sahihi zenu na za mashahidi wawili. Karatasi hiyo inageuza dai la uzembe kuwa dai la mkataba. Dai la uzembe lina miaka 3 kufunguliwa mahakamani, la mkataba lina 6, na deni la mkataba linaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo ambako huhitaji wakili. Lakini andika kiasi baada ya fundi kulifungua gari. Mimi nilipokea 20,000 kwa kuangalia nje tu, hasara yenyewe ikiwa imejificha nyuma ya bampa.

Mzee yule nilimpata Makorora, baada ya muuza nazi mmoja kunielekeza. Nilikwenda na mjumbe na makadirio ya fundi mkononi. Simu yake, kumbe, ilikuwa imeharibika. Tulikaa barazani, tukaandikiana, tukatoa ile 20,000 kwenye hesabu, na 260,000 iliyobaki alilipa kwa mafungu matatu.