Sauti ya kutazamwa: mpwa wangu, Kilimia na kifaa cha angani

"Shangazi, hebu sikiliza. Kuna mtu anaongea humu ndani."

Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha sita, yuko kwangu Nzuguni akisubiri kwenda chuo, na kazi yake kubwa ilikuwa kumaliza bando langu. Akanivisha hedifoni zangu mwenyewe, zile za kazini. Mimi ni fundi sauti wa redio hapa Dodoma mwaka wa kumi na nne sasa. Nimesikia maikrofoni mbovu za kila namna, ngoma zilizorekodiwa upepo wa Agosti ukivuma, na wazee wa mkutano wanaogonga meza pembeni ya kinasa sauti. Hiki sikuwahi kukisikia. Mngurumo wa chini kama paka aliyeshiba, kisha kilio kirefu kama cha nyangumi, na katikati vijimlio vya harakaharaka, kama panzi aliyefungiwa kwenye kopo.

"Haongei mtu," nikamwambia. "Anapeleka simu. Simu ya zamani, ile ya nukta na vistari."

Gemu lenyewe linaitwa Elite Dangerous. Alilipata bure Novemba 2020 lilipogawiwa kwa wiki moja, na tangu hapo hajatulia. Unapewa chombo na galaksi nzima ya Njia Nyeupe, mifumo ya nyota takribani bilioni 400, halafu hakuna anayekuambia uende wapi. Babu yake gemu hili, Elite ya mwaka 1984, alikuwa na galaksi nane za mifumo 256 kila moja, jumla 2,048. Hiyo mtu angeweza kuizunguka yote kwa ukaidi tu. Hii ya sasa, ukitembelea mfumo mmoja kila dakika bila kulala, utamaliza baada ya miaka zaidi ya 760,000. Ndiyo maana watu humu wanasaka dalili. Kwa ukubwa huu, kutafuta bila dalili ni kupoteza maisha.

Sauti aliyonipa ilikuwa rekodi ya wachezaji wengine, ya kitu walichokikuta mwaka 2015 kikielea peke yake gizani. Walikiita kifaa kisichojulikana, kwa kuwa hakikujulikana. Ukikipakia, kinakila chombo chako kutoka ndani kama kutu. Ukikiuza kituoni, mitambo ya kituo inaanza kuharibika. Na muda wote kinapiga kelele hizo.

Mtu wa kwanza aliyedhani ni Morse, yaani ile simu ya nukta na vistari, alipata bahati ya sikio. Kilichonivutia mimi ni walichofanya baada ya hapo. Tuchukue jina la nyota moja, Merope, kwa sababu tutalirudia. Kwa Morse ni −− · ·−· −−− ·−−· · na ukilitazama hivi lilivyoachiwa nafasi, ni rahisi. Sasa ondoa nafasi. Nukta na kistari vikifuatana ni A, lakini pia ni E ikifuatiwa na T. Vistari viwili ni M, au ni T mbili. Mlolongo mmoja wa milio kumi na minne unaweza kukupa maneno mengi usiyoyahesabu, na katikati yake daima kuna moja unalolitamani. Kwa hiyo kimya kati ya milio kina uzito sawa na milio yenyewe, na kimya ndicho kitu ambacho sikio huwa halikipimi. Wale wachezaji waliandika kwanza: huyu anaandika alichosikia, yule anaandika chake bila kuona cha mwenzake, ndipo wanalinganisha. Walipopatana, herufi zilitoa jina la gimba la angani lililokuwa karibu na kile kifaa. Wakakihamishia kwingine, jina nalo likabadilika. Hapo ubishi uliisha.

Baadaye likaja jambo jingine la ajabu zaidi. Kifaa kilipokichunguza chombo cha mchezaji, milio haikutoa tena neno lolote lenye maana. Ilitoa herufi ovyoovyo, hadi mtu alipoacha kuzisoma na kuanza kuzipanga mstari chini ya mstari, kama msusi wa mkeka anavyounganisha ukili. Nukta hapa, pengo pale. Ikatokea picha ya chombo kile kile kilichokuwa mbele yake! Fikiria: kitu kinakutazama kisha kinakuchora kwa milio. Mpwa wangu alisema nywele zilimsimama. Zangu pia, ila sikumwambia.

Wala si uongo wa gemu tu. Vyombo viwili vya Voyager vilivyorushwa na Marekani mwaka 1977 vimebeba sahani iliyopakwa dhahabu yenye picha zaidi ya 100 zilizogeuzwa sauti. Anayetaka kuziona lazima atambue kwanza kwamba mlio ule mkali ni mistari ya picha, kisha aipange mmoja pembeni ya mwingine. Hadi leo kituo cha anga za juu cha kimataifa kuna siku hurusha picha kwa sauti, kwenye 145.800 MHz, na mtu mwenye redio ya mkononi na kompyuta anaweza kuzipokea akiwa uani kwake. Mimi nimezipokea mara mbili, ya pili nikiwa juu ya tenki la maji.

Kifaa cha pili kisichojulikana, kilichopatikana mwaka 2016, ndicho kilichonifanya niandike haya, kwa sababu hicho hakina Morse. Kina kelele. Ukisikiliza kwa sikio hutoki na kitu hata ukae mwaka. Lazima uitazame sauti.

Kuitazama sauti ndiyo kazi ninayofanya kila siku, na programu yake, Audacity, ni ya bure. Ukichagua spektogramu, sauti inatandazwa kama kitambaa: muda unakwenda kulia, masafa yanapanda juu, besi iko chini na filimbi iko juu, na penye nguvu panang'aa. Kabla ya kumwonyesha mpwa wangu kelele za angani nilimfungulia rekodi yangu ya ilimba, ile ala ya Kigogo ya ndimi za chuma, niliyoifanya kwa mama yangu Mvumi. Kila ulimi wa chuma ukipigwa unaacha mstari mmoja chini na mingine myembamba juu yake, kama ngazi. Juu ya ngazi kuna ukungu. "Huo ni uchafu?" akauliza. Ukungu ule ni utando wa buibui. Mafundi wa Kigogo wanaubandika kwenye tundu la ilimba ili sauti ivume na kukwaruza, na bila huo mzee yeyote atakuambia ilimba haijaiva. Nilitaka aone kwamba kwenye picha ya sauti, kinachofanana na uchafu kinaweza kuwa ndicho mtengenezaji alichokikusudia.

Na kinyume chake, kama nitakavyokiri punde.

Kuficha picha ndani ya sauti si kazi ngumu. Unachukua mchoro, unaufanya kama ndiyo kile kitambaa. Kila doa jeupe linakuwa mlio wake, madoa ya juu milio myembamba, ya chini milio mizito, safu kwa safu. Sikio linapata mkwaruzo tu. Kazi iko kwa anayefichua, kwa sababu lazima achague kitambaa kilekile. Sauti ya kawaida ina sampuli, yaani vipimo vidogovidogo, 44,100 kwa sekunde. Ukiiambia programu ichukue sampuli 2,048 kwa mkupuo, kila mkupuo ni kama milisekunde 46, na masafa yanatenganishwa kila Hz 21.5. Ukipanda hadi 8,192, masafa yanakaa vizuri kila Hz 5.4, lakini muda unavurugika, kwa kuwa mkupuo mmoja sasa ni milisekunde 186. Huwezi kupata vyote viwili. Mistari ya kulala inakuwa mikali, ya kusimama inatapakaa kama wino kwenye karatasi yenye maji. Tulijaribu mara nane au tisa. Kisha nikakumbuka kwamba kipimo cha masafa upande wa kushoto kilikuwa kile kinachobana sehemu za juu, kizuri kwa muziki, kibaya kwa michoro. Nikakibadilisha kikawa cha hatua sawa, na ule uchafu ukajipanga: maumbo yenye kona na mistari iliyonyooka, kazi ya mkono wa mtu. Maana ya mchoro ule wachezaji waliibishania sana. Kuwepo kwake hakuna aliyekubisha, maana yeyote mwenye faili zima angeuona kwenye mashine yake.

Nimesema faili zima. Mpwa wangu alikuwa akitumiwa rekodi na wenzake kwenye kikundi cha simu, kama ujumbe wa sauti. Ujumbe wa sauti unakamuliwa ili usile bando, na kinachotupwa kwanza ni milio ya juu, kwa kuwa maneno ya binadamu hayaihitaji sana. Picha yetu ikatoka imekatwa kichwa. Alikuwa ameshajenga nadharia nzima juu ya kwa nini kile kichwa hakipo.

Sasa kukiri. Usiku uleule nikaona kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amekitaja: mistari mitatu chini kabisa, imenyooka, imeachana sawasawa, mwanzo hadi mwisho wa rekodi. Nilikuwa nimeunganisha kompyuta yake na yangu kwa waya, mazoea ya kazini. Tukakaa saa nzima. Tukagawa, tukazidisha, mpwa wangu akachora hadi nyuma ya daftari la mahesabu ya nyumbani. Mara umeme ukakatika. Kompyuta zikaendelea kwa betri, kelele za angani zikaendelea, ila mistari mitatu ilizimika papo hapo pamoja na taa ya jikoni.

Hz 50, 100 na 150. Umeme wa Tanzania, ukipenya kwenye waya kupitia chaja. Miaka kumi na minne kazini.

"Shangazi," akasema gizani, kwa adabu zote, "kwa hiyo wageni wa angani ni LUKU?"

Nilimwacha acheke hadi umeme uliporudi. Lakini tangu siku hiyo nina jaribio moja ninalompa kila anapokuja na ugunduzi: je, kitu hicho kipo pia kwa mtu mwingine, kwenye mashine nyingine, bila wewe kumwambia atafute nini?

Lile jina nililosema tutalirudia ndilo mfano wa jaribio hilo kufaulu. Wachezaji waligundua kwamba kifaa cha kwanza, ukikiachia kielee, kinajigeuza na kuelekeza upande mmoja. Mwelekeo mmoja peke yake haukusaidii. Mtu akiwa Makole akakunyooshea kidole kusema "kule", hujui ni Area C au ni Singida. Ila mwingine akinyoosha kidole akiwa Nkuhungu, vidole vinakutana mahali. Walivipeleka vifaa hivyo mifumo mbalimbali, wakachora mistari, ikakutana Merope. Januari 2016, kwenye mwezi wa sayari moja huko, Merope 5 C, wakakuta viumbe vikubwa vimejishikiza ardhini kama chaza kwenye mwamba. Mwaka uliofuata wenye navyo wakajitokeza wenyewe, Wathargoid, wageni wa angani wa gemu hili, wakiwachomoa wachezaji katikati ya safari.

"Merope iko wapi hasa?" akaniuliza. Ilikuwa Novemba, jua limezama muda si mrefu. Nikamtoa nje, nikamwonyesha upande wa mashariki, juu ya paa la jirani, kile kifungu kidogo cha nyota kinachofanana na vumbi la unga.

"Hicho ni Kilimia," akasema. "Bibi alinionyesha."

Merope ni mojawapo ya nyota zile. Iko mbali kama miaka ya nuru 440, kwa hiyo mwanga uliokuwa ukitufikia pale uani uliondoka karibu wakati Wareno wanajenga Ngome ya Yesu Mombasa. Wakulima walikitumia Kilimia kabla ya gemu lolote. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua: ndivyo wasemavyo pwani, na kinapozama Mei hupotea siku kama arobaini. Kwetu huku mvua ni moja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, hivyo kikichomoza jioni namna ile mama yangu anajua mbegu za uwele ziwe zimeshachambuliwa. Mpwa wangu alikitazama kwa muda. Alikuwa ameshafika pale kwa chombo chake wiki iliyopita, miruko kumi na kadhaa, na hakujua amekwenda Kilimia.

Sasa yuko chuoni na amehamia kwenye kitendawili kikubwa, Raxxla, mahali palipotajwa kwenye kitabu kidogo kilichouzwa pamoja na lile gemu la 1984. Waliotengeneza hili jipya wamesema papo. Hajapatikana mtu wa kupaonyesha. Kuna shairi ndani ya gemu linalopasifia, na watu wamelikamua kila neno hadi limekauka. Nami nasema wazi: mengi ninayoyasoma juu yake ni ile mistari yangu mitatu.

Jumapili amenitumia ujumbe wa sauti wa sekunde ishirini. Anasema ukisikiliza vizuri, mwishoni kuna mtu anahesabu. Nimemjibu aniletee faili zima, na achomoe chaja kwanza.