Kutafuta Pete na Sarafu Viwanjani: Yajue Haya Kabla ya Kuchimba

Sheria ya 4 ya soka haina mzaha na vito. Pete, mkufu, hereni na bangili huvuliwa kabla ya mechi, na hata kuvifunika kwa plasta hakukubaliki. Sasa fikiria viwanja vyetu vya mitaani Nairobi, ambavyo vingi havina chumba cha kubadilishia nguo wala kabati la kufunga. Pete ya ndoa inavuliwa pembeni, inatiwa ndani ya soksi au kiatu, au anakabidhiwa rafiki ambaye bao likiingia atarusha mikono yote miwili juu. Mechi ikiisha watu wanakung'uta nguo na kwenda zao. Ndiyo maana anayetafuta pete kwa kifaa cha kutambua metali asianzie katikati ya uwanja. Aanzie nyuma ya mstari wa pembeni, pale nguo zinaporundikwa, kisha chini ya mti wenye kivuli, kisha golini, kwa kuwa kipa ndiye anayejitupa chini mara nyingi.

Kifaa cha kutambua metali si kigeni kwa mkazi wa jiji hili. Kile anachokupitishia mwilini askari wa lango la duka kubwa hufanya kazi kwa kanuni ileile, ila cha uwanjani kina koili pana mwishoni mwa fimbo. Koili hiyo hutoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Uga ukipita kwenye metali, ndani yake huzuka mikondo midogo ya umeme, nayo hutoa uga wake dhaifu ambao koili huunasa. Kifaa hupima nguvu ya jibu hilo na jinsi linavyochelewa, halafu kinakisia metali ni ya aina gani. Ni kukisia tu. Sarafu iliyolala sentimita 15 au 20 chini hupatikana bila shida kubwa. Zaidi ya hapo mlio hufifia. Matangazo ya vifaa vinavyoona dhahabu mita kumi ardhini ni ya kuwakamua watu pesa.

Kukisia huko kuna mitego yake. Pete nyembamba ya dhahabu na kipande cha foili ya pakiti ya sigara hutoa namba zinazokaribiana mno kwenye kioo cha kifaa. Ukikiamuru kifaa kipuuze foili, umekiamuru kipuuze na pete. Shilingi moja ya siku hizi nayo ni chuma kilichopakwa nikeli (ijaribu kwa sumaku, itanaswa), kwa hiyo kifaa kilichowekwa kukataa chuma kinaweza kuiruka. Kizibo cha soda, ambacho pia ni chuma, mara nyingi hulia kama sarafu nzuri. Anayetafuta pete ya mtu hana budi kuchimbua takataka nyingi, na ni uungwana kuondoka nazo badala ya kuzirudisha shimoni.

Lakini kinachowasumbua watu zaidi hapa Nairobi ni udongo. Upande wa Kabete na Karura udongo ni mwekundu kwa sababu una oksidi nyingi za chuma zilizotokana na miamba ya volkano. Kifaa kisichorekebishwa hulia chenyewe hata pasipo na kitu. Kiinue na kukishusha juu ya sehemu isiyo na metali huku ukikirekebisha mpaka kitulie, ndipo uanze.

Upande wa Embakasi kuelekea nyanda za Athi kuna ule udongo mweusi unaong'ang'ania viatu. Huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na Januari na Februari hupasuka nyufa ambazo mkono huingia. Sarafu ikiangukia ufa, masika yakija ardhi inaufumba. Hivyo sarafu ya juzi inaweza kulala chini kuliko ya miaka ya sitini. Watu wanaotuletea sarafu tuzitazame hutuambia, "Niliitoa chini sana, lazima ni ya kale." Katika udongo huu kina si ushahidi wa umri. Isitoshe, viwanja husawazishwa kwa udongo unaoletwa na malori kutoka kwingine, kwa hiyo hata mahali kitu kilipookotwa huenda siko kilikodondoka.

Umri wa sarafu husomwa kwenye sarafu yenyewe. Kabla ya 1920 watu wa hapa walitumia rupia. Ikaja florini kwa muda mfupi, na kuanzia 1921 shilingi ya Afrika Mashariki, yenye simba mbele ya milima. Shilingi hiyo ilikuwa na robo ya madini ya fedha (silver) hadi zile za 1946. Za 1948 hazina madini hayo kabisa. Ndururu (senti tano) na senti kumi za wakoloni zina tundu katikati, na ukizitoa zikiwa na matope utadhani ni washa za bolti, kwa hiyo tazama mara mbili kabla ya kutupa. Sarafu za kwanza za Kenya huru ni za 1966. Zenye twiga, kifaru, simba na ndovu zilizinduliwa Desemba 2018, wakati ambapo M-Pesa, iliyoanza 2007, ilikuwa imekwisha kupunguza chenji mifukoni mwa watu.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya 1895. Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kambi ya reli, hivyo sarafu nyingi za viwanjani haziingii humo. Lakini ukitoa kitu cha kale, tuseme rupia ya 1888 yenye jina la Mombasa, sheria inakutaka utoe taarifa kwa Makavazi ndani ya siku saba, useme hasa ulikipata wapi, na ukikabidhi. Kwenda kuchimba kwa nia ya kutafuta vitu vya kiakiolojia ni jambo jingine kabisa, na linahitaji leseni.

Pete ya jana nayo ina sheria yake. Kanuni ya Adhabu haimhesabu mwokotaji kuwa mwizi ikiwa hamjui mwenye kitu na ana sababu za maana za kuamini hawezi kupatikana. Pete iliyochorwa majina mawili na tarehe ya harusi haikupi sababu hiyo. Mjulishe msimamizi wa uwanja, andikisha kituo cha polisi upewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na ukitangaza sema tu "pete imepatikana". Maandishi ya ndani ayataje anayeidai.

Ruhusa iombwe mapema na iwe kwa maandishi: kwa kaunti ikiwa uwanja ni wake, kwa Sports Kenya ikiwa ni Nyayo au Kasarani, kwa mwalimu mkuu ikiwa ni shule. Mtu anayepitapita uwanjani jioni na mashine, masikio yamezibwa kwa vipokea sauti, atahojiwa na polisi, na barua itamwokoa.

Nyasi ya kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda zetu hizi za juu, husamehe mengi kwa kuwa hutambaa na kuziba pengo. Wakati wa mvua, kata kipande kama ulimi, pande tatu tu, kina cha sentimita kumi hivi ili mizizi ibaki na udongo wake. Kifunue, udongo wa shimoni uweke juu ya kitambaa, ukimaliza rudisha wote, funika, kanyaga, mwagia maji. Ulimi uliokatwa juujuu utakuwa mkavu baada ya siku chache, na shimo lililoachwa litavunja mguu wa mtoto. Kiangazi usikate kabisa. Papasa kwa bisibisi butu na uibenue sarafu. Kwenye nyasi bandia hakuna kuchimba hata kidogo.

Ukifunua kitu chenye umbo la bomu au risasi ambayo haijalipuka, usikiguse. Rudi nyuma, ondoa watoto, piga 999 au 112.

Pete ya dhahabu ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Sarafu ya zamani usiisugue kwa ndimu, jivu wala steelwool, maana ule weusi ukiondoka huondoka na sehemu ya maandishi na thamani yake sokoni hushuka. Isuuze kwa maji safi, iache ikauke, ifunge kwenye karatasi, na juu yake andika uwanja, upande ulikoipata na tarehe. Maelezo hayo hutusaidia sana unapotuletea tuitazame.