Homa ya siku ya kumi

Simulizi hii tunaipokea wodini mara kwa mara, hubadilika jina na kijiji tu. Mama amepata dozi ya tatu ya kemo ya saratani ya titi jijini Dar es Salaam, akapanda basi kurudi kwao Kilosa. Wiki ya kwanza inapita kwa kichefuchefu na uchovu, mambo aliyokwisha kuyazoea. Siku ya kumi, jioni, anasikia baridi hadi meno yanagongana, anaongeza kitenge juu ya blanketi. Mumewe anakimbia duka la dawa na kurudi na panadoli na mseto. Usiku homa inashuka, nyumba nzima inalala kwa amani. Alfajiri mama anaongea maneno yasiyoeleweka, mikono ya baridi, presha chini kabisa. Na wanaomleta wanatuambia neno lilelile kila mara: "Lakini jana homa ilishashuka, daktari."

Naandika makala haya kwa ajili ya ile jioni.

Mume yule hakukosea kwa uzembe. Kwetu homa ni malaria, tumekua tukijua hivyo, na kwa mtu mwingine angekuwa amefanya jambo la busara. Lakini kwa aliyepata kemo ndani ya wiki chache zilizopita, homa ni dharura ya kiwango sawa na mzazi anayetokwa damu nyingi. Haisubiri kupambazuke.

Kemo huua seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani ni hivyo, lakini pia mizizi ya nywele, utando laini wa kinywa na utumbo, na uboho, yaani kiwanda kilicho ndani ya mifupa kinachotengeneza damu. Katika seli nyeupe zinazotoka kiwandani humo, zinazowahi kupambana na bakteria huitwa nyutrofili. Maisha yake ndani ya damu ni mafupi, saa chache hadi siku moja hivi, na ndiyo sababu uboho huzizalisha kwa mabilioni kila siku. Kiwanda kikisimama, akiba huisha upesi. Kwa dawa nyingi za kemo, idadi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 tangu dozi, kisha hupanda taratibu hadi wiki ya tatu au ya nne. Vitabu husema mtu mzima huwa na zaidi ya 1,500 katika kila maikrolita ya damu, ingawa Waafrika wengi tuna idadi ndogo kidogo kwa asili bila kuwa wagonjwa. Zikishuka chini ya 500, hata bakteria waliokuwa wakiishi tumboni mwako miaka yote bila ugomvi wanaweza kuingia kwenye damu, na kuua mtu kwa muda wa saa chache tu.

Elimu hii ilipatikana kwa gharama ya maisha ya watu. Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake nchini Marekani walionyesha kwa hesabu kwamba kadiri nyutrofili zinavyopungua, na kadiri zinavyokaa chini kwa muda mrefu, ndivyo maambukizi yanavyozidi. Wakati huo desturi ilikuwa kusubiri majibu ya maabara kwanza, na kuna wagonjwa waliofariki majibu yakiwa hayajatoka. Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake wakachapisha matokeo ya kutosubiri: homa ikianza tu, antibayotiki za mshipani zinaanza. Huo ndio utaratibu tunaoufuata hadi leo, na tunajibidiisha dozi ya kwanza iingie ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike. Lakini saa moja yetu ya hospitali haiokoi kitu ikiwa saa kumi na mbili zimekwisha potea nyumbani.

"Na kama ni malaria kweli?" Huulizwa kila siku, na ni swali la haki. Inawezekana, na ipimwe. Ila kipimo cha haraka cha mRDT hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya malaria kwisha. Mstari wa pili ukitokea, hausemi kwamba malaria ndiyo iliyoleta homa ya leo. Na hata kama vimelea wapo hai, hilo haliwazuii bakteria kuwamo pia. Mgonjwa wa kemo mwenye homa na mRDT chanya anatibiwa malaria, na anapewa antibayotiki za mshipani. Vyote viwili, siku hiyohiyo.

Kwa hiyo nunueni kipimajoto. Natamani kila familia itoke kliniki nacho siku ya dozi ya kwanza, maana kiganja juu ya paji la uso hudanganya. Kikiwekwa mdomoni, 38 ni safari ya hospitali. Kwapani joto husoma pungufu kwa kama nusu digrii, hivyo 37.5 ya kwapani isidharauliwe. Msikiweke kamwe njia ya haja kubwa, wala msimpige mgonjwa bomba la maji ya tumbo au kumwekea dawa ya kuchomeka huko, kwa sababu mchubuko mdogo wa sehemu ile ni mlango wazi. Pimeni kabla ya kumeza panadoli. Panadoli haitibu maambukizi, inazima kengele tu, na vidonge vya deksamethasoni vinavyotolewa kuzuia kutapika huweza kuizima vilevile. Mgonjwa akitetemeka kwa baridi, akichanganyikiwa, akihema mbio au akilegea ghafla, mpelekeni hata kama kipimajoto kinasema 36.

Mpelekeni hospitali ya karibu yenye uwezo wa kumchoma dawa ya mshipani. Hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa upendo: wanaamini lazima mgonjwa arudi alikotibiwa, wanasubiri basi la saa kumi na mbili asubuhi. Dozi ya kwanza iingie Kilosa, Njombe, Kigoma, popote alipo, na rufaa ifuate baadaye. Mkifika, msikae foleni kimya. Mwambieni wa mapokezi hivi: "Huyu ni mgonjwa wa saratani, alipata kemo siku kumi zilizopita, ana homa." Maneno hayo yatawahamisha hadi dharura. Kadi yenye majina ya dawa, tarehe ya dozi na simu ya kliniki ikae mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuipata.

Kuna jambo moja ambalo hata wahudumu wa afya hulisahau. Usaha, kwa sehemu kubwa, ni mizoga ya nyutrofili. Asiye na nyutrofili hatoi usaha. Kidonda chake hakitaiva, kitakuwa na wekundu kidogo tu. Nimonia yake huweza kuanza na kikohozi kikavu. Basi msitegemee dalili mlizozoea: maumivu wakati wa kukojoa au kwenda haja kubwa, kuharisha, koo kuuma, sehemu ya sindano kuvimba, yote yanatosha kupiga simu.

Baada ya homa, swali la pili ni wageni. Kwetu kumjulia hali mgonjwa ni wajibu, na asiyekuja hukumbukwa. Mgonjwa aliyerudi kutoka Dar atapokea kwaya nzima, jumuiya, wakwe na majirani, kila mmoja na mkono wa salamu. Sisemi mfunge mlango. Nimeona kinamama waliotengewa sahani, kikombe na chumba cha uani kana kwamba saratani inaambukiza, na upweke ule uliwadhoofisha kuliko dawa. Saratani haiambukizi. Mnachokilinda ni zile siku za 7 hadi 14 baada ya kila dozi. Mchagueni ndugu mmoja mwenye kauli nzuri, shangazi au kaka mkubwa, awe ndiye anayepokea wageni na kuwaeleza. Wakae barazani penye upepo, wachache wachache, wasalimie kwa mkono kifuani. Mwenye mafua, kikohozi, au mtoto mwenye surua au tetekuwanga, apige simu. Msiba ukitokea katika siku hizo, mgonjwa atume mwakilishi, na wakubwa wa ukoo wamtetee ili asionekane amewatupa.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji tiririka, ya mgonjwa na ya wote wanaomhudumia. Lakini naomba mlielewe hili vizuri: maambukizi mengi ya kipindi hiki hutokana na bakteria wa mgonjwa mwenyewe, wa utumboni, kinywani na kwenye ngozi. Familia iliyofanya usafi wote na bado mgonjwa akapata homa haijakosa kitu. Msitafutane nani kamletea. Mpelekeni hospitali.

Chakula kimezungukwa na makatazo mengi kuliko yanayohitajika. Zamani wagonjwa hawa walikatazwa kila kitu kibichi, na tafiti zilizofuata hazikuonyesha kwamba katazo hilo linapunguza maambukizi. Embe, papai na ndizi ale, mradi zioshwe kwanza kisha zimenywe. Kachumbari ya nyumbani iliyooshwa kwa maji yaliyochemshwa, sawa. Ya kibandani, iliyokatwa tangu asubuhi, aiache. Nyama, samaki na mayai viive hadi ndani, maziwa yachemshwe, maji ya kunywa vilevile. Wali kiporo uliolala nje usiku kucha si chakula chake, hata ukipashwa moto. Karanga au unga wenye ukungu utupwe. Na kwa kinamama: ule udongo wa pemba unaotamaniwa sana damu ikipungua, tafadhali, usiingie kinywani. Hubeba vijidudu na mayai ya minyoo.

Hapo kwenye damu pana mkanganyiko ambao naukuta kila kliniki. Mgonjwa akiambiwa "damu imeshuka", nyumbani huanza rozela, matembele na juisi ya bitiruti. Ni vyakula vizuri, sivikatai. Lakini havipandishi seli nyeupe. Anayezipandisha ni uboho wenyewe ukipewa muda, na kwa baadhi ya wagonjwa sindano ya filgrastimu inayoamsha uboho, ambayo daktari huamua nani anaihitaji. Mchanganyiko wa mizizi wenye ahadi ya kuongeza kinga huweza kuumiza ini linalobeba kazi ya dawa za saratani, na ukiwa mbichi huja na vijidudu vyake. Kama mmekwisha anza kuutumia, tuambieni bila woga. Hatugombezi.

Kinywa kisafishwe kwa mswaki laini na kusukutua maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe. Kung'oa jino kusubiri ruhusa yetu. Alale ndani ya chandarua chenye dawa. Asitembee pekupeku, na banda la kuku lisafishwe na mwingine.

Chanjo huleta hofu pande mbili. Chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, mgonjwa asichomwe wakati wa kemo, wala kwa miezi isiyopungua mitatu baada ya kumaliza, na kwa baadhi ya dawa hata zaidi. Zisizo na virusi hai, kama za mafua, nimonia na UVIKO-19, zinafaa, ingawa mwili dhaifu huzipokea kwa kiwango pungufu. Watoto wa nyumbani wachanjwe zote kwa wakati, maana mtoto aliyekingwa surua humkinga bibi yake. Tahadhari ni moja: mtoto akipewa matone ya polio, virusi vya chanjo hutoka kwenye kinyesi chake kwa wiki kadhaa, hivyo nepi zibadilishwe na mtu mwingine.

Kuna pia magonjwa yaliyolala mwilini ambayo huamka kinga ikishuka. Homa ya ini aina ya B ni mojawapo, na ndiyo sababu tunaipima kabla ya kemo. Kwa waliopata rituksimabu, dawa ya baadhi ya saratani za damu na tezi, huweza kuamka hata mwaka mmoja baada ya matibabu. Kifua kikuu ni kingine: kikohozi cha wiki mbili, kutokwa jasho usiku, kukonda kupita kiasi, vyote vichunguzwe badala ya kusingizia saratani. Mkanda wa jeshi unatibika vizuri zaidi ukiwahiwa ndani ya siku tatu. Na anayetumia ARV asiziache hata siku moja kwa kudhani dawa zimekuwa nyingi.

Hali hii hudumu muda gani? Nyutrofili hurudi ndani ya wiki chache baada ya dozi ya mwisho. Seli nyingine za kinga, zile zinazokumbuka magonjwa, huchukua miezi kadhaa, kwa wengine mwaka, na aliyepandikizwa uboho zaidi ya hapo. Mwanamke aliyetolewa tezi za kwapa wakati wa upasuaji wa titi aulinde mkono ule dhidi ya mikato na michomo maisha yake yote. Wengi wao hurudi shambani, na nawahimiza warudi, wakiwa na glovu na viatu vya kufunika.

La mwisho ni nauli. Kabla ya kila dozi tunapima damu, na nyutrofili zikiwa chache mno tunaahirisha kwa wiki moja. Najua maumivu ya kusafiri kwa muda wa saa nane, kulala gesti, kisha kuambiwa rudi. Nimeona mume akilia kwenye korido kwa sababu alikuwa ameuza mbuzi kwa safari ile. Kipimo hicho cha FBP, yaani cha kuhesabu seli za damu, kinafanyika hospitali ya mkoa, na za wilaya nyingi. Pima siku moja au mbili kabla, tuma picha ya karatasi ya majibu kwa WhatsApp kwenye namba ya kliniki yako, subiri tukujibu. Yakiwa sawa, ndipo ukate tiketi.