Programu yako ya wavuti ikifumuliwa, watakuta nini ndani?

Mwanachama wa SACCO akiwa Gulu au Mbarara akifungua programu ya wavuti ya chama chake, msimbo wote wa JavaScript (lugha inayoendesha ukurasa ndani ya kivinjari) wa ukurasa ule hushuka kwenye simu yake. Hakuna aliyeuiba, mmemtumia wenyewe. Kwenye kompyuta, mtu akibonyeza F12 ndani ya Chrome anausoma. Kufumua ndiko huko: kuichukua programu iliyokamilika na kurudi kwenye msimbo wake.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni funguo. Mfumo wa kulipia kwa mobile money huandikwa mbiombio, na ufunguo wa API (neno la siri ambalo programu hutumia kujitambulisha kwa mfumo wa kampuni ya simu) wenye uwezo wa kutoa pesa unaachwa humo humo kwenye JavaScript. Kisha mtengenezaji anaupitisha msimbo kwenye zana ya kuuvuruga: jina kama hesabuRiba linageuka kuwa a, mistari mia inabanwa kuwa mmoja. Msomaji atachoka, ni kweli, lakini ufunguo haujaenda popote. Kivinjari hakina budi kuutuma ili malipo yapite, na anayetazama mawasiliano yake atauona. Uwekeni kwenye seva, seva ndiyo iongee na kampuni ya simu. Na ufunguo ambao umeshatoka nje ombeni ubatilishwe na mpewe mpya, maana kuufuta kwenye faili hakumzuii aliyekwisha kuunakili.

Kuna uzembe mwingine unaorahisisha kazi kuliko zana yoyote ya kufumua. Faili zenye kiishio .map hutengenezwa ili kusaka hitilafu; zikisahaulika kwenye seva ya umma, mara nyingi hurudisha msimbo asilia pamoja na majina yote na maelezo mliyoandikiana pembeni. Folda ya .git, inayotunza kila badiliko la msimbo, ni hatari zaidi. Chukua anwani ya tovuti yako mwenyewe, uongeze /.git/HEAD mwishoni. Yakitokea maneno yanayoanza na "ref:", huenda historia nzima ya kazi yenu inapakulika. Ifungeni leo.

Kwa programu za upande wa seva zilizoandikwa kwa Java au .NET, kufumua ni kazi ya dakika chache. Faili zake zilizokamilika, .class za Java na .dll za .NET, hubaki na majina ya klasi na ya mbinu zake, na zana za kufumua kama CFR (ya Java) au ILSpy (ya .NET) huzirudisha katika msimbo unaosomeka vizuri. Mkikaa na mfumo kwenye seva yenu, wa kuogopwa ni yule mwenye ruhusa ya kuingia humo. Mkimkabidhi mteja faili ya WAR (kifurushi cha programu ya wavuti ya Java) aisimike kwake, ProGuard, zana ya kuvuruga msimbo wa Java, itamchelewesha. Haitamzuia.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inazilinda programu za kompyuta, na URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, husajili hakimiliki hiyo. Sheria ya Siri za Biashara ya 2009, yenyewe, humtaka mwenye siri awe amechukua hatua za kuridhisha kuilinda. Kwa hiyo kanuni ya kukokotoa mikopo mliyoituma kwa kila kivinjari ni vigumu kuiita siri mbele ya hakimu. Ihamishieni kwenye seva, na katika mkataba na mteja kiwepo kifungu cha kukataza kufumua kabla hajapokea faili.