Gekiga: Maana ya Neno na Asili Yake katika Japani ya Baada ya Vita

Gekiga ni neno la Kijapani linalotaja hadithi za picha zilizochorwa kwa ajili ya msomaji aliyekwisha kutoka utotoni. Limeundwa kwa vipande viwili: geki, yaani tamthilia, na ga, yaani picha. Uzito wake hauonekani mpaka liwekwe kando ya neno manga, ambalo kipande chake cha kwanza hubeba maana ya jambo lisilopangwa, lililofanywa kwa kujifurahisha tu. Hata kwetu neno kibonzo hutangulia kuleta kicheko kabla mchoro wenyewe haujaonekana. Mchoraji aliyeita kazi yake gekiga alikuwa akimwomba msomaji akiweke kando kicheko hicho kwanza.

Japani iliposalimu amri mwezi Agosti 1945, miji yake mingi ilikuwa imeteketea na karatasi ilikuwa adimu. Katika mji wa Osaka wachapishaji wadogo walianza kutoa akahon, maana yake vitabu vyekundu, vilivyoitwa hivyo kwa sababu ya wino mwekundu uliotawala majalada yake, vikachapwa kwenye karatasi duni na kuuzwa katika maduka ya peremende na vitu vya kuchezea watoto. Kitabu kimoja cha aina hiyo, Shin Takarajima cha mwaka 1947, kilichorwa na mwanafunzi wa udaktari ambaye hakuwa ametimiza miaka 20, Osamu Tezuka, kwa kushirikiana na Shichima Sakai. Kinaanza na gari linalokimbia, nalo linafuatwa fremu baada ya fremu kana kwamba msomaji anatazama filamu. Miongoni mwa watoto waliovutwa na kazi za Tezuka alikuwamo Yoshihiro Tatsumi, aliyezaliwa Osaka mwaka 1935.

Hata hivyo, gekiga haikuzaliwa katika akahon. Ilizaliwa katika kashihon-ya, yaani maduka ya kukodisha vitabu, na hapa ndipo maelezo mengi hupita haraka mno. Familia nyingi hazikuwa na uwezo wa kununua kitabu, lakini ziliweza kulipa ada ndogo ili kukaa nacho kwa siku chache. Wateja hawakuwa watoto peke yao, kwani walikuwapo pia vijana waliomaliza elimu ya lazima na kuingia moja kwa moja viwandani na madukani, wakirudi jioni wamechoka na wakitaka hadithi inayofanana na maisha yao. Wachapishaji waliouza kwa maduka hayo walilipa malipo madogo, lakini hawakumbana mchoraji kama wahariri wa majarida ya watoto ya Tokyo walivyombana, hivyo aliweza kutumia kurasa nyingi kwa tukio moja, akaacha fremu kadhaa bila neno lolote, na kusimulia mauaji, deni au upweke. Shigeru Mizuki, aliyepoteza mkono wake wa kushoto vitani, alifanya kazi katika soko hilo na kuchora humo hadithi za vita.

Ni Tatsumi aliyelitumia neno gekiga kuitambulisha kazi yake mwaka 1957. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake, akiwamo Takao Saito, waliunda Gekiga Kobo, yaani karakana ya gekiga, wakatuma tamko kwa magazeti, wachapishaji na wachoraji wengine kueleza kwamba kazi yao ilimlenga msomaji aliye kati ya utoto na utu uzima. Kikundi chenyewe hakikudumu, lakini neno lilibaki.

Kwa hiyo kulifasiri neno hili kuwa katuni za watu wazima ni kulipunja. Wino mzito, vivuli na pembe za kutazamia zilizoazimwa kwenye sinema ni alama za gekiga, lakini kilichozilazimisha ni msomaji yule wa duka la kukodisha.

Maduka hayo yalififia katika miaka ya 1960, wakati kipato kilipopanda na majarida ya kila wiki kuenea. Mawili kati ya majarida hayo, Shonen Magazine na Shonen Sunday, yalianza mwezi Machi 1959. Mwaka 1964 Katsuichi Nagai alianzisha jarida la Garo, ambamo Sanpei Shirato alisimulia kwa miaka kadhaa mapambano ya wakulima na watu wa tabaka lililodharauliwa katika hadithi ya Kamui-den. Tezuka mwenyewe aligeukia masimulizi mazito zaidi kuelekea mwisho wa mwongo huo. Naye Tatsumi, katika hadithi fupi alizoanza kuzitoa mwaka 1969, aliwachora vibarua, wafanyakazi wa viwandani na wasafisha mitaro ya maji machafu: watu wa tabaka lile lile lililokuwa likikodi vitabu miaka 10 kabla.