Magonjwa ya akili: dalili kuu na namna ya kuyatofautisha

Nitajuaje kama hii ni huzuni tu au tayari ni ugonjwa?

Angalia mambo matatu: imedumu muda gani, mtu amebadilika kiasi gani ukilinganisha na alivyokuwa, na kuna shughuli zipi zimemshinda. Aliyefiwa hulia, kisha baada ya saa moja akacheka mtu akikumbushia vituko vya marehemu. Anakula kidogo, lakini anakula. Mwenye sonona anaweza asilie kabisa, ila wiki ya tatu sasa hajafua, hapokei simu, na mpira aliokuwa haukosi kuuangalia haumvutii tena. Mabadiliko ya namna hiyo ndiyo daktari anayoyatafuta, kuliko machozi.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha sonona au skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo). Vipimo huchukuliwa ili kuona kama kuna ugonjwa wa mwili uliojificha nyuma ya dalili. Utambuzi wenyewe hutokana na mahojiano, na madaktari hufuata mojawapo ya miongozo miwili: ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyoanza kutumika Januari 2022, au DSM-5 ya chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani, iliyotoka 2013 na kuhaririwa 2022.

Yapo ya aina ngapi?

Makundi ni mengi. Yanayokutwa zaidi ni magonjwa ya hisia (sonona na bipola), ya wasiwasi, ya mawazo na matendo ya kujirudia, yatokanayo na kiwewe, ya saikosisi (mtu kupoteza uhalisia, kama kwenye skizofrenia), ya ulaji, uraibu, yanayoanzia utotoni kwenye ukuaji wa ubongo, na yale ya haiba.

Watu wakisikia "mgonjwa wa akili" humfikiria anayezungumza peke yake barabarani. Hesabu haziko hivyo. WHO ilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970 duniani walikuwa na ugonjwa wa akili. Kati yao milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi na milioni 280 sonona. Wenye skizofrenia ni kama milioni 24. Wagonjwa walio wengi wako kazini na darasani, na huenda hakuna aliyewashtukia.

Sonona ina dalili gani?

Zinazohesabiwa ni 9: huzuni au utupu wa moyo, kukosa hamu na mambo aliyoyapenda, usingizi kuvurugika, hamu ya kula au uzito kubadilika, uchovu, kujiona hana thamani au kujilaumu kupita kiasi, kushindwa kutuliza mawazo au kuamua, mwili kuwa mzito, au kinyume chake kutotulia, na mawazo ya kifo. Kwa mwongozo wa DSM-5 zinatakiwa angalau 5, karibu kila siku kwa wiki 2, na mojawapo iwe kati ya zile mbili za kwanza.

Usingizi wake una alama ya kuangaliwa. Wengine hulala vizuri tu, kisha saa tisa au saa kumi usiku macho yakafunguka na hayafumbi tena, na huo ndio wakati mawazo yanapokuwa mabaya kuliko yote. Wengine hulala kwa muda wa saa 12 na kuamka wamechoka.

Wagonjwa wengi hawasemi "nina huzuni". Huja na kichwa, mgongo, tumbo, moyo kwenda mbio, na vipimo vinatoka safi. Kwa wanaume mara nyingi kinachoonekana nyumbani ni ukali na pombe iliyoongezeka. Kumwambia "jikaze" hakumsaidii, kwa sababu nguvu ya kujikaza ni miongoni mwa vitu ambavyo ugonjwa umeshavichukua.

Bipola ni ile hali ya mtu kubadilika-badilika?

Anayekasirika asubuhi na kucheka jioni hana bipola kwa sababu hiyo tu. Bipola huenda kwa vipindi vya siku nyingi au wiki. Kipindi cha kupanda, yaani mania, hudumu angalau siku 7, au pungufu ya hapo ikiwa imebidi alazwe. Mtu analala kwa muda wa saa 2 au 3 tu na anaamka ana nguvu tele, anaongea hata huwezi kupenyeza neno, anaanzisha miradi mitano kwa mpigo, anakopa, anagawa mali, anajiona ana uwezo usio wa kawaida. Ukimzuia anakuwa mkali. Ipo mania nyepesi ya kuanzia siku 4, ambayo familia huifurahia kwa kudhani kwamba hatimaye mtu wao amechangamka.

Usingizi ndio wa kuulizia hapa pia. Mwenye wasiwasi hukosa usingizi na kesho yake yuko hoi. Mwenye mania hakosi usingizi, ila hauhitaji.

Wengi huanza kuugua kwa upande wa sonona, na hapo ndipo makosa hutokea: akipewa dawa ya sonona peke yake, anaweza kurushwa kwenye mania. Kwa hiyo kabla dawa haijaandikwa, daktari aelezwe kama mgonjwa amewahi kuwa na siku kadhaa za "kuwaka" bila kulala, au kama kuna ndugu mwenye historia hiyo.

Moyo unanienda mbio ghafla, nahisi nakufa, lakini hospitali wanasema niko mzima. Ni nini?

Inafanana na shambulio la hofu. Linaanza bila taarifa na kufika kileleni ndani ya dakika chache: moyo kudunda, jasho, kutetemeka, kifua kubana, kizunguzungu, ganzi vidoleni na mdomoni, kuhisi unarukwa na akili. Ganzi ile ina maelezo. Ukipumua harakaharaka unatoa hewa ya kaboni kuliko inavyozalishwa, kemia ya damu inabadilika, na mishipa ya fahamu inaanza kuchoma. Pumua polepole kwa pua, ukihesabu 4 kuingiza na 6 kutoa, kwa dakika kama 5. Usipumulie ndani ya mfuko; kama kumbe ni pumu au moyo, unajinyima oksijeni.

Shambulio la kwanza maishani, hasa maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au tayani, lipimwe moyo kwanza. Yakijirudia na kukufanya uishi kwa kuogopa jingine kwa mwezi mmoja au zaidi, huo ni ugonjwa wa hofu ya ghafla.

Jamaa zake ni wasiwasi wa jumla (kuhofia kila kitu, siku nyingi kuliko zisizo na hofu, kwa miezi 6, pamoja na misuli kukaza na uchovu), hofu ya kitu mahususi kama sindano au urefu, na hofu ya kutazamwa na watu, ambayo watu huiita aibu tu. Zote zinakuzwa na kukwepa. Kila ukikwepa unapata nafuu, na nafuu hiyo inaifundisha akili kwamba kweli palikuwa na hatari. Tiba ya mazungumzo hufanya kazi kwa kukurudisha hatua kwa hatua pale unapopakwepa.

Kupenda usafi kupita kiasi ni ugonjwa?

Anayependa usafi hufurahia nyumba ikishang'aa. Mwenye ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia hafurahii chochote. Mtazame akifunga mlango: anazungusha ufunguo, anavuta kitasa, anavuta tena, anahesabu hadi 8, anafika kona, anarudi. Anajua fika mlango umefungwa. Lakini wazo la "je, kama sijafunga?" halimwachi mpaka arudi, na akirudi linatulia dakika chache tu. Mawazo mengine ni ya kutisha au ya aibu, mfano kumdhuru mtoto wake mwenyewe, na humtesa kwa sababu yanapingana kabisa na anachokitaka. Mambo haya yakila zaidi ya saa moja kwa siku au yakivuruga maisha, ni ugonjwa. Familia inayojibu "umefunga, nimeona" mara 20 kwa siku inaulisha bila kujua.

Na kiwewe?

Baada ya ajali, kubakwa, vita au tukio la namna hiyo, mwezi wa kwanza wengi hushtuka na kuota ndoto mbaya, na wengi hutulia. Ukipita mwezi na bado tukio linamrudia kana kwamba linatokea sasa, anakwepa kila kinacholikumbusha, ametengana na watu kihisia, na anashtuka kwa mlio mdogo, apelekwe kwa mtaalamu. Asilazimishwe kusimulia kabla hajawa tayari.

Skizofrenia inaanzaje?

Mara nyingi kimyakimya, mwishoni mwa ujana au miaka ya 20. Kijana anajitenga, anaacha kuoga, alama darasani zinaporomoka, uso hauoneshi hisia. Nyumbani wanaita uvivu au bangi. Miezi inapita ndipo zinakuja dalili zinazojulikana: kusikia sauti, kuamini kwa uhakika kwamba anafuatiliwa au mawazo yake yanatangazwa, na maneno yasiyoungana.

Daktari akiuliza kuhusu sauti hutaka undani: "Unaisikia kwa masikio kama unavyonisikia mimi, au ni wazo kichwani? Ni mtu mmoja au wengi? Wanakuzungumzia au wanakuamuru? Wanakuamuru nini?" Swali la mwisho ndilo zito, kwa sababu sauti zinazoamuru kujidhuru au kudhuru hubadilisha mpango mzima.

Usibishane na imani yake, na usikubaliane nayo pia. "Mimi sisikii, ila naona inakutisha" inatosha. Wengi wenye skizofrenia si wakatili. Wao ndio hudhulumiwa zaidi.

Mzee wetu alikuwa mzima jana, leo haeleweki. Ni kichaa?

Kuchanganyikiwa kunakoanza ndani ya saa au siku, akili ikija na kupotea, hasa kukiwa na homa au mtu akiona vitu visivyokuwepo, ni kuweweseka kunakotokana na mwili mpaka ithibitike vingine. Sukari kushuka, maambukizi ya mkojo au mapafu, homa ya uti wa mgongo, dawa mpya, jeraha la kichwa: vyote vinafanya hivyo. Hospitali ya kawaida, leo hii.

Mnywaji wa kila siku aliyeacha ghafla yumo humu. Mikono hutetemeka ndani ya siku ya kwanza, degedege linaweza kumpata ndani ya siku 2, na kuweweseka huja siku ya 2 au ya 3. Hali hii inaua, kwa hiyo asiachishwe pombe nyumbani.

Hata dalili za polepole zinaweza kuwa na chanzo mwilini. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri na upungufu wa damu huiga sonona kabisa.

Mama aliyejifungua analialia. Tusubiri?

Kulia kunakoanza siku ya 3 hadi ya 5 huisha ndani ya wiki 2. Kukizidi hapo, ni sonona ya uzazi. Lakini mama ambaye ndani ya wiki hizo za mwanzo halali, anasema mambo ya ajabu kuhusu mtoto, au anaona na kusikia visivyokuwepo, hasubiriwi hata usiku mmoja, na asibaki peke yake na mtoto.

Je, nikimuuliza kuhusu kujiua sitampa wazo?

Hapana. Uliza wazi: "Umefikiria kujiua?" Akikubali, uliza kama ana mpango, ana kifaa, na lini. Ondoa dawa za wadudu, vidonge, kamba au silaha, mtu akae naye, kisha apelekwe hospitali. Tahadhari na utulivu wa ghafla kwa mtu aliyekuwa na hali mbaya, hasa akianza kugawa vitu vyake.

Dawa atazinywa maisha yote?

Inategemea. Za sonona huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonesha nafuu, na baada ya kupona huendelezwa miezi mingine 6 hadi 12. Wengi huzitupa wiki ya kwanza, wakati ambapo madhara madogo kama kichefuchefu yameshaanza na faida bado. Bipola na skizofrenia huhitaji muda mrefu zaidi. Dawa za saikosisi zinaweza siku za mwanzo kupinda shingo au kugeuza macho juu. Ndugu hudhani ugonjwa umezidi, kumbe ni dawa, na sindano huiondoa haraka. Anayetumia lithiamu, dawa ya bipola, apimwe damu mara kwa mara, saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Kuharisha, kukosa maji au kumeza ibuprofeni hupandisha kiwango chake hadi kuwa sumu, na dalili ni kutapika, kutetemeka sana na kuyumba.

Siku ya kwanza kliniki nibebe nini?

Dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwemo, pamoja na maboksi yake. Tarehe dalili ya kwanza ilipoonekana, hata kwa kukadiria. Kumbukumbu ya wiki moja ya saa za kulala na kuamka. Kiasi cha pombe au bangi, bila kupunguza. Taarifa za ndugu waliowahi kuugua au kujiua. Na mtu anayeishi naye aje pia, aongee na daktari faragha dakika chache, maana mwenye mania atasema hajawahi kuwa mzima kuliko sasa.